Kamera Mbili Mezani: Kuchagua Kati ya 5D Mark III na 6D Ukiwa Kabanga

Mpiga picha wa Kabanga au Kasulu mjini, mkoani Kigoma, anayetaka kuachana na kamera ndogo na kuingia kwenye fulufremu, mara nyingi hujikuta mbele ya Canon mbili zilizokwisha tumika: EOS 5D Mark III na EOS 6D. Zote zilitangazwa mwaka 2012, ya kwanza Machi, ya pili Septemba. Kule Marekani 5D ilianza kuuzwa kwa dola 3,499 na 6D kwa dola 2,099. Leo zote ni za mitumba, na pengo la bei limepungua kiasi cha kumfanya mnunuzi asite. Muuzaji atakwambia 5D ni ya wataalamu na 6D ni ya wanaojifunza. Usimkubalie haraka. Cheo hicho kilikuwa na maana kamera zilipokuwa ndani ya boksi. Kwa chombo kilichofanya kazi zaidi ya miaka kumi, maswali yenye uzito ni mawili: hii niliyoishika imebakiza nini, na itawaonaje watu ninaowapiga picha?

Nalisema hilo la pili kwa makusudi. Hukumu nyingi za kamera zimeandikwa na watu wanaopiga picha katika mwanga mwingine na nyuso nyingine. Kabanga ina kazi zake. Kuna misheni na kanisa, hospitali, chuo cha ualimu, chuo cha uuguzi, shule. Jumamosi moja inaweza kuanza na mahafali uwanjani kwenye jua la saa saba, ikaendelea na ndoa ndani ya kanisa lenye madirisha membamba, na kuishia ukumbini usiku chini ya taa za rangi za DJ. Katikati yake kuna mtu anayetaka picha ya pasipoti leo leo. Kamera inayofaa hapa ni ile inayopita salama katika hali hizo zote, hata kama mahali pengine haisifiwi.

Kwanza, kwa nini uingie gharama ya fulufremu? Kihisi chake kina milimita 36 kwa 24. Kihisi cha Canon 700D, ambayo wengi wameanzia nayo, kina takriban milimita 22.3 kwa 14.9. Ukizidisha utaona kikubwa kina eneo la zaidi ya mara mbili na nusu ya kidogo. Eneo kubwa hupokea mwanga mwingi, na mwanga mwingi huleta chenga chache pale giza linapoingia. Hiyo ndiyo faida unayoilipia. Kama kazi zako zote ni za mchana, nje, na zinaishia kwenye simu ya mteja, 700D yako bado inatosha na fedha hiyo ina matumizi mengine.

Kabla ya kulinganisha lolote, kagua lenzi ulizonazo. Lenzi za aina ya EF-S, kama ile ya 18-55 inayokuja na kamera ndogo, hazifungi kabisa kwenye 5D wala 6D. Zinazofunga ni EF, mfumo ambao Canon iliuanzisha mwaka 1987. Nimeona watu wakinunua bodi kwa akiba yao yote, kisha wakabaki nayo mezani bila kitu cha kuweka mbele yake. Bajeti ya fulufremu ina sehemu mbili, na sehemu ya lenzi isiwe makombo ya sehemu ya bodi. Lenzi ya 50 f/1.8 ni mwanzo mwema na wa bei nafuu. Ya 85 f/1.8 ndiyo inayotengeneza jina la mpiga picha za nyuso.

Hesabu ya megapikseli tuipite haraka, maana ndiyo inayopigiwa kelele nyingi na yenye uzito mdogo. 5D Mark III ina 22.3, 6D ina 20.2. Kwenye upande mrefu wa picha hiyo ni pikseli 5,760 dhidi ya 5,472, yaani tofauti ya karibu asilimia 5. Picha ya A4 iliyochapwa vizuri, nukta 300 kwa inchi, inahitaji chini ya megapikseli 9. Ya A3 inahitaji kama 17 na nusu. Zote mbili zinafika. Hakuna mteja wa Kasulu, wala wa Dar es Salaam, atakayeitazama picha ukutani akajua imetoka kwenye ipi.

Sasa njoo kwenye kivuli, kwa sababu hapo ndipo ubora wa kamera unapojulikana kwetu.

Kasulu iko chini kidogo tu ya ikweta, kwenye nyuzi 4 na nusu kusini. Saa sita na saa saba jua linakuwa karibu juu ya utosi. Nyusi zinatupa kivuli machoni, pua inatupa kivuli mdomoni, na aliyevaa shati jeupe anakuwa na kifua kinachong'aa chini ya uso uliozama gizani. Ukipima mwanga kwa ajili ya uso, shati linaungua na kuwa karatasi tupu. Ukipima kwa ajili ya shati, uso unatoka mweusi usiosomeka, na itabidi uuinue baadaye kwenye kompyuta. Mpiga picha mwenye busara huchagua njia ya pili, maana kilichoungua hakirudi, ila kilichozama kinaweza kuvutwa juu. Kwa hiyo unachotaka kujua kuhusu kila kamera ni hiki: nikivuta kivuli juu, nitakuta nini humo?

Jibu linawashangaza wengi. Kamera iliyokuwa ghali ndiyo yenye kivuli kichafu zaidi. Faili la 5D Mark III lililopigwa kwa ISO 100 likiinuliwa stopu tatu hivi, mistari hafifu huanza kujitokeza ndani ya sehemu za giza, mara ya wima, mara ya mlalo. Tatizo hilo linajulikana kwa aina nzima ya kamera hiyo. 6D, iliyotoka miezi michache baadaye, ina kivuli safi zaidi: chenga zake zimetawanyika bila mpangilio, na macho ya mtu huzisamehe kwa urahisi kuliko mistari. Juu ya ISO 1600 pengo linafifia. Ukifika 3200 na 6400, ambako kazi za ukumbini hufanyika, zinakaribiana sana, 6D ikitangulia kwa unywele.

Usiniamini mimi, zipime. Mwombe mtu mwenye ngozi nyeusi sana, aliyevaa shati jeupe, akae kwenye ukingo wa baraza, nusu kivulini na nusu kwenye mwanga. Tumia lenzi moja kwa kamera zote, faili za RAW, ISO 100, apecha ileile na kasi ileile. Punguza mwanga hadi shati lisiungue. Kisha fungua faili kwenye kompyuta, kamwe usihukumu kwa kioo cha nyuma cha kamera, na uinue kivuli. Tazama chini ya kidevu, ndani ya nywele, kwenye mashimo ya macho. Kama kuna mistari, utaiona. Kama weusi wa ngozi umegeuka zambarau au kijani, utauona pia.

Halafu tazama jambo lililo gumu zaidi, linalomtofautisha mwenye jicho na asiye nalo. Ngozi nyeusi ina mng'ao wake: kwenye paji la uso, kwenye mfupa wa shavu, juu ya pua. Kutoka kwenye mng'ao huo hadi kwenye weusi wa shingo kuna ngazi nyingi za rangi, za kahawia, za shaba, wakati mwingine za bluu ya mbali. Kamera nzuri huzipitia ngazi hizo polepole bila kuruka. Kamera au faili baya hukata: mng'ao unakuwa doa jeupe lenye kingo, na weusi unakuwa bonge moja. Sayansi ya picha haikuanza kwa kutujali. Kwa miaka mingi ya karne ya 20, maabara za filamu zilirekebisha rangi kwa kutumia kadi za kupimia zenye picha ya mwanamke mweupe, na nyuso zetu zikalipa gharama. Kihisi cha leo kina uwezo wa kutosha. Kinachobaki ni wewe kudai picha itoe ngozi ya mtu kama ilivyo, na kuikataa kamera au mpangilio unaoifuta.

Hapa Kabanga kuna mtihani mkali kuliko huo. Kufuatia mauaji ya watu wenye ualbino yaliyoanza kuripotiwa kwa wingi miaka ya 2007 na 2008 katika Kanda ya Ziwa na mikoa jirani, watoto wengi wenye ualbino walihifadhiwa katika kituo cha Kabanga, wakasoma pamoja na wenzao. Mpiga picha anayepiga picha ya darasa lenye watoto hawa anaweza kuwa na uso mweupe sana na uso mweusi sana bega kwa bega, wote wakiwa na mashati meupe. Kamera lazima ishike ncha zote mbili za mwanga kwa mpigo mmoja. Kinachofaa hapo ni mwanga wa wazi wa kivulini, chini ya mwembe au upande wa jengo usio na jua. Jua kali linamuumiza mtoto mwenye ualbino ngozi na macho, kwa hiyo usimpange juani hata dakika chache akisubiri wengine wapangwe. Flashi ya usoni nayo ni mateso kwa macho yasiyostahimili mwanga. Basi unapandisha ISO na kutegemea usafi wa kihisi. Katika kazi hii moja, 6D inaishinda 5D waziwazi, na mimi naihesabu kuwa kazi ya heshima kuliko harusi kumi. Omba ruhusa ya walezi na uongozi kabla ya kupiga, na usirushe sura wala mahali alipo mtoto mtandaoni.

Tuingie kanisani. Bibi harusi anatembea kuelekea kwako akiwa ameshika mkono wa baba yake, nawe umesimama karibu na altare. 5D Mark III ina nukta 61 za fokasi, hadi 41 kati yake zikiwa za msalaba, na zimesambaa vizuri kwenye fremu. Unaweza kuiweka nukta moja juu ya jicho lake na kumfuata hadi anafika. 6D ina nukta 11 tu, na ya msalaba ni moja, ile ya katikati. Ukiitumia hiyo ya katikati kisha ukageuza kamera ili kupanga picha upya, kwa apecha ya f/1.8 fokasi inaweza kuhama kutoka jichoni hadi sikioni. Mtu anayetembea hakusubiri urekebishe. Hapa 5D ni bwana. Pia inapiga picha 6 kwa sekunde dhidi ya 4.5, na ina kijiti cha kidole gumba cha kuhamishia nukta, ambacho 6D haina.

Lakini nukta hiyo moja ya katikati ya 6D ina kipaji chake. Inaona hadi EV −3, mwanga wa mbalamwezi hivi, wakati nukta za 5D zinaishia EV −2. Ukumbini umeme ukipungua nguvu, au MC anapozima taa ili maharusi wacheze muziki wa kwanza, utaiona 5D ikihangaika mbele na nyuma huku 6D ikishika. Ukijua udhaifu wa kila moja, unajipanga: 5D nukta za pembeni, 6D nukta ya katikati tu na apecha ya f/2.8 ili kosa dogo lifichike.

Kuna suala la shata ambalo wapiga picha wa nchi za mawingu hawalitilii maanani. 5D inafika sekunde 1/8000, 6D inaishia 1/4000. Kwenye jua kamili, ISO 100, kipimo cha zamani ni f/16 kwa kasi ya 1/100. Fungua lenzi hadi f/1.8 na hesabu inakupeleka karibu kabisa na 1/8000. Maana yake, mwenye 5D anaweza kupiga picha ya bwana harusi saa saba mchana kwa f/1.8, nyuma kukiwa kumeyeyuka kabisa, na mwenye 6D itabidi afunge hadi f/2.5 au anunue kichujio cha kupunguza mwanga. Kwa flashi, 5D inakwenda hadi 1/200 na 6D hadi 1/180, tofauti isiyostahili kukunyima usingizi.

Kadi za kumbukumbu ndizo zinazonifanya niwe mkali. 5D ina nafasi mbili, moja ya CF na moja ya SD. 6D ina moja ya SD. Harusi hairudiwi. Kadi ikifa kwenye 6D, harusi nzima imekufa, na hakuna maneno ya kumwambia mama wa bibi harusi. Kwenye 5D weka RAW kwenye CF na JPEG kwenye SD, na mojawapo ikiharibika bado una kitu. Kumbuka tu kwamba nafasi ya SD ya 5D ni ya polepole, na kuandika kote kuwili kunaivuta kamera nyuma ukipiga mfululizo. Kumbuka vilevile kwamba kadi za CF si rahisi kuzipata Kasulu, na kisomeo chake itabidi ukibebe mwenyewe. Kadi za SD zipo kila duka la simu, na ndiyo maana bandia nazo zipo. Kadi iliyoandikwa GB 64 inaweza kuwa na 8 ndani, na utajua wakati picha za mwisho hazifunguki. Ijaze kadi mpya hadi mwisho kwa majaribio, kisha fungua kila kitu, kabla hujaipeleka kazini.

6D nayo ina Wi-Fi ndani, 5D haina. Usiidharau. Kamera inaitumia simu picha moja kwa moja bila kuhitaji mtandao wala bando, na mteja anaondoka na picha yake pale pale, aliyetaka WhatsApp ameipata. Ina GPS pia, nayo ukaizime siku ya kwanza: ikiachwa wazi inaendelea kunywa betri hata swichi ya kamera ikiwa imezimwa. Wengi wamelaumu betri kwa kosa hilo.

Kwa wanaorekodi video, zote zinaishia 1080p, lakini picha zao hazifanani. 6D ina ugonjwa wa mawimbi: ukirekodi kitenge chenye mistari myembamba, au paa la bati kwa mbali, rangi za upinde wa mvua zinatambaa juu yake na haziondoki kwenye uhariri. 5D imeudhibiti ugonjwa huo vizuri sana. Ina pia tundu la kusikilizia sauti kwa spika za masikioni, 6D haina. Katika sherehe zetu ambako kamati nzima imeshona sare ya kitenge, mwenye kazi za video achukue 5D na asitazame nyuma.

Hadi hapa nimelinganisha aina. Wewe hununui aina, unanunua kamera moja yenye namba yake. Mnunuzi wa ng'ombe hufungua kinywa cha mnyama kabla ya kuuliza bei, na kamera ifanyiwe hivyo hivyo.

Anza na shata. Canon iliikadiria shata ya 5D Mark III kwa mipigo 150,000 na ya 6D kwa 100,000. Hilo ni kadirio, si siku ya kufa, lakini 6D yenye mipigo 90,000 na 5D yenye 60,000 hazilingani. Namba ya faili haikwambii kitu, kwa kuwa ikifika 9,999 inarudi kuanza upya. Idadi ya kweli husomwa kwa programu ya kompyuta kupitia waya wa USB, kwa hiyo njoo na laptopu. Muuzaji anayekataa uunganishe waya amekwisha kujibu swali lako. Kisha piga ukuta mweupe wenye jua kwa kasi ya juu kabisa ya kamera, mara nyingi, na uangalie kama juu au chini kuna mkanda wa giza. Mkanda huo ni pazia la shata lililochoka. Ujumbe wa Err 30 ni wa shata pia, na Err 20 ni wa mitambo ya ndani. Err 01 mara nyingi ni uchafu kwenye shaba za lenzi, ambao kitambaa kikavu kinaweza kuumaliza, ila usilipe kabla hujauona umekwisha.

Ipige kamera kwenye ukuta wa tofali za kuchoma, ambao Kasulu haukosekani, ukiwa umesimama sawasawa nao, apecha f/8. Pembe nne za picha zinapaswa kuwa na ukali unaolingana. Upande mmoja ukififia, na lenzi nyingine ikifanya vivyo hivyo upande uleule, kamera imeanguka na mdomo wake umepinda. Kisha funga apecha hadi f/22, elekeza mbinguni au kwenye karatasi nyeupe bila fokasi, na uone madoa. Vumbi la kawaida huondoka kwa pampu ya hewa. Doa lenye umbo la kidole au mstari wa mkwaruzo ni ushahidi kwamba mtu amesafisha kihisi kwa kitu asichojua.

Kwenye 5D, chukua tochi na uchungulie ndani ya nafasi ya CF. Kuna sindano nyembamba nyingi, na kadi ikisukumwa vibaya zinapinda. Sindano moja iliyopinda inatosha kuifanya kamera ikatae kadi katikati ya misa. Fundi wa kuaminika wa kazi hiyo, mara nyingi, yuko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Kabanga. Chunguza vichwa vya skrubu chini ya bodi: vilivyochubuka vinasema kamera imewahi kufunguliwa, na una haki ya kuuliza kwa nini. Reli ya flashi iliyokwanguka hadi kwenye chuma inasimulia harusi nyingi, jambo lisilo baya, ila liendane na idadi ya mipigo uliyosoma.

Betri ni zilezile kwa kamera zote mbili, LP-E6, na hili ni jema kwa anayeanza na moja akitamani ya pili baadaye. Kwa vipimo vya kiwandani 5D inapiga kama picha 950 kwa chaji moja na 6D kama 1,090. Ingia kwenye menyu ya taarifa za betri: betri halisi inaonyesha asilimia zilizobaki na nukta tatu za afya yake. Nukta tatu za kijani ni nzuri. Moja nyekundu, hesabu kwamba unanunua betri mpya. Betri bandia mara nyingi haizungumzi na kamera, na menyu itakwambia.

Ingia pia kwenye menyu ya hakimiliki. Wapiga picha wengi huandika jina lao humo na kusahau. Ukikuta jina ambalo si la muuzaji, muulize kwa utulivu. Namba iliyo chini ya bodi ilingane na ile iliyo ndani ya faili la picha. Ukinunua dukani dai risiti ya EFD. Ukinunua kwa mtu binafsi, andikeni hati fupi yenye namba hiyo na sahihi zenu mbili mbele ya shahidi. Hilo si kumdhania mtu wizi. Linawalinda nyote wawili.

Wapo watakaouliza kwa nini sizungumzii kamera zisizo na kioo cha ndani, Sony A7 III au Canon EOS R, zote za mwaka 2018. Ni kamera bora, na fokasi yao ya kushika jicho inaipita 5D kwa mbali. Mwenye uwezo azinunue. Lakini EOS R inakadiriwa picha 370 hivi kwa betri, ina nafasi moja tu ya kadi, na ukibadilisha lenzi ya A7 III kihisi kiko wazi mbele ya upepo. Kuanzia Juni hadi Septemba, vumbi jekundu la barabara zetu linaingia hata kwenye sanduku lililofungwa. Kwa kamera yoyote, badilisha lenzi mdomo ukiwa umeelekea chini. Wakati wa mvua zinazoanza Oktoba, hifadhi lenzi kwenye chombo kikavu chenye vipakiti vya kunyonya unyevu, maana kuvu akishaota ndani ya kioo hatoki bila fundi.

Hukumu yangu ni hii. Anayepiga harusi peke yake, bila msaidizi mwenye kamera ya pili, au anayerekodi video, anunue 5D Mark III yenye mipigo isiyozidi nusu ya kadirio na sindano za CF zilizonyooka. Kadi mbili na nukta 61 zinafidia kivuli chake chenye mistari, mradi ajifunze kupima mwanga vizuri papo hapo. Anayeishi kwa picha za shule, za familia, za pasipoti na za studio anunue 6D, na tofauti ya bei aiweke kwenye lenzi ya 85. Zikiwa mbili mezani kwa bei moja na hali moja, mimi nachukua 5D kwa sababu ya zile kadi. Ila 6D safi ni bora kuliko 5D iliyochoka, kila mara. Na kamera yoyote ambayo muuzaji anataka uilipie kwa simu kabla hujaishika, kuiunganisha na kompyuta na kumpiga nayo mtu uliye naye picha pale pale, usiilipie.